Michungwa ya Anaheim

Kabla ya kuwa Disneyland, palikuwa shamba. Ekari 160 za michungwa, na miti ya jozi hapa na pale, katika mji wa Anaheim, California, ndani ya wilaya ambayo hata jina lake limetokana na machungwa. Julai 1954 ujenzi ukaanza, na miti ikang'olewa. Tarehe 17 Julai 1955 milango ilifunguliwa, jua likichoma kufikia nyuzi 38, na lami iliyomwagwa harakaharaka ilikuwa bado laini, visigino vya akina mama vikididimia ndani yake.

Naanza na harufu hizo mbili, ya ua la mchungwa na ya lami mbichi, kwa kuwa ya pili iliifukuza ya kwanza, na ya kwanza ilikaa miaka 46 ndipo ikarudi.

Wapenzi wa Disneyland ukiwagusia harufu, wengi watakutajia maji. Ndani ya Pirates of the Caribbean, iliyofunguliwa mwaka 1967, mashua hupita gizani juu ya maji yenye harufu ya unyevu na dawa ya kuyasafisha. Harufu ile ilitokana na kazi ya kutunza maji, si ya kuyatia marashi. Lakini mtoto aliyeivuta akiwa ameshikwa mkono na baba yake hataisahau, na leo kuna mishumaa inayouzwa kwa sababu tu inanukia hivyo.

Kutia harufu kwa makusudi kulikuwa kazi ngumu. Mwaka 1960 filamu ya Scent of Mystery ilionyeshwa huku mabomba yakipeleka harufu kwenye viti vya watazamaji, na jaribio hilo halikufika mbali. Harufu haitii amri kama taa. Ukishaiwasha, kuizima ni shughuli nyingine. Ufumbuzi wa kampuni ya Disney ulitoka kwa fundi wake Bob McCarthy, na hataza yake ikatolewa mwaka 1986: mashine inayorusha pumzi ya hewa yenye harufu kuelekea wageni, na upande wa pili kuna feni za kuivuta nje kabla haijaingilia sehemu inayofuata. Wakaiita Smellitzer, jina lililofinyangwa kutokana na lile la mzinga wa kivita. Katika bustani ya EPCOT kule Florida, wageni walipitishwa mbele ya Roma inayoungua wakanusa moshi, na katika jengo la Horizons, lililofunguliwa mwaka 1983, wakanusa machungwa.

Kwa nini hayo hubaki kichwani? Harufu ina njia fupi. Kutoka puani hufika karibu moja kwa moja kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu. Huko York, Uingereza, kuna kituo cha Jorvik, kilichofunguliwa mwaka 1984, ambako wageni hupita katika mji wa Waviking pamoja na harufu zake zote, nzuri na mbaya. Mwaka 1999 watafiti John Aggleton na Louise Waskett walichapisha matokeo ya kuwahoji watu waliowahi kukitembelea miaka kadhaa nyuma. Waliponusishwa harufu zilezile za Jorvik, walikumbuka mengi zaidi.

Nikirudi Anaheim, ndipo panaponigusa hasa. Mwaka 2001 kampuni ilifungua bustani ya pili juu ya eneo lililokuwa la kuegesha magari ya Disneyland. Humo waliweka Soarin' Over California: unaketi, kiti kinainuliwa, mbele yako kuna skrini kubwa kama kuba, na unaruka juu ya jimbo zima. Ukifika juu ya michungwa, unapuliziwa harufu ya machungwa.

Mwaka 2016 filamu ilibadilishwa, wageni wakapelekwa duniani kote. Sisi Watanzania tumo: tembo wanatembea chini ya Kilimanjaro. Nimefurahi kuona mlima wetu pale, lakini naelewa kwa nini wengi waliyadai machungwa yao. Filamu ya zamani imerudishwa mara kadhaa, kwa misimu, na watu hupanga foleni ndefu kwenda kuvuta pumzi mahali palipokuwa na lami, na kabla ya lami, mashamba.