Gereza Lisilopokea Wafungwa

Anayepanda mashua mjini Unguja hufika kisiwa cha Changuu kwa muda mfupi, maana ni mwendo wa kilomita 5 au 6 tu baharini. Huko huwatazama kobe wakubwa, ambao wanne wa kwanza waliletwa kutoka Seychelles mwaka 1919. Kisha huonyeshwa jengo kuukuu la mawe. Wengi hukiita kisiwa hicho Kisiwa cha Gereza. Sisi tulio Bukavu, mbali sana na bahari, twaweza kuuliza: mawe hayo yanatuhusu nini?

Katika miaka ya 1860, Sultani Majid aliwapa Waarabu wawili kisiwa hicho. Wao wakakifanya mahali pa kuwafungia watumwa wakaidi kabla ya kuwauza sokoni Unguja au kuwasafirisha ng’ambo. Neno hilo, mkaidi, lafaa tulipime. Mtu aliyetekwa nyumbani kwake, akakataa kutii, aliitwa mkaidi. Kosa lake lilikuwa kukumbuka kwamba yeye ni mtu.

Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash, akisukumwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Hata hivyo kumiliki watumwa kuliendelea kuwa halali Unguja hadi mwaka 1897. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1893, Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa Waziri Mkuu wa serikali ya Sultani, alikinunua kisiwa kwa niaba ya serikali ili ajenge gereza. Mwaka uliofuata jengo lilikamilika, lakini wafungwa hawakuletwa. Hofu ya tauni na magonjwa mengine yaliyosafiri na meli ilifanya kisiwa kiwe karantini. Abiria walishushwa hapo na kuangaliwa kwa siku kadhaa kabla ya kuruhusiwa kuingia mjini. Hivyo jengo lililokusudiwa kuadhibu likatumika kulinda afya.

Sasa turudi kwetu. Njia iliyoishia Unguja ilianzia pia katika nchi yetu. Kutoka Nyangwe na Kasongo, katika Manyema, misafara ilivuka ziwa Tanganyika hadi Ujiji, ikapita Tabora, ikafika Bagamoyo: kutoka Ujiji peke yake ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu, pembe za ndovu mabegani na minyororo shingoni. Tarehe 15 Julai 1871, Livingstone aliona kwa macho yake watu wa biashara hiyo wakiwapiga risasi wanawake waliokuja sokoni Nyangwe, na wengi wakizama mtoni Lualaba. Hata leo Ujiji na Tabora wapo wanaoitwa Wamanyema. Na Kiswahili tunachosalia, tunachofundishia katekisimu na kupatanishia bei sokoni Kadutu, kilipanda kwetu kwa njia hiyohiyo. Lugha yetu ya sala ilitembea pamoja na mnyororo.

Mwaka 1888 Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazili akilaani utumwa, na Kardinali Lavigerie akazunguka miji ya Ulaya akiwatetea Waafrika waliotekwa. Mapadri wake, wale tuliowaita Mapadri Weupe, walikuwa wamekwisha kupita Unguja na Bagamoyo tangu mwaka 1878, wakielekea maziwa makuu. Tunawashukuru. Lakini ukweli unatudai zaidi ya shukrani. Watoto waliokombolewa kwa fedha waliwekwa katika vijiji vya misioni, na wengi wao hawakuulizwa wangependa kwenda wapi. Tena, mwaka 1894, gereza la Changuu lilipokamilika, majeshi ya Mfalme Leopold II yalikuwa yamewashinda wafanyabiashara wa Manyema. Mfalme alitangaza kwamba utumwa umekwisha. Watu wetu wakapewa kiboko na kodi ya mpira. Aliyekata mnyororo mmoja alikuwa ameshika mwingine mkononi.

Wala tusiwalaumu wageni peke yao. Misafara ilipata viongozi, wanunuzi na wapiganaji miongoni mwa Waafrika wenyewe. Katika familia nyingi jambo hilo halisemwi, lakini linajitokeza katika matusi: watu wakigombania shamba, mmoja humwambia mwenzake kwamba babu yake alikuwa mtumwa. Ajabu ni kwamba aibu humwangukia mjukuu wa aliyeuzwa, si mjukuu wa aliyeuza.

Mawe ya Changuu yanatufundisha kwamba ukuta hauna nia yake wenyewe. Kisiwa kilekile kilifunga watumwa, kikalinda wasafiri, na leo kinapokea watalii wanaokula na kupumzika. Kinachobadilika ni kusudi la walio na ufunguo. Jina la Mathews limeandikwa vitabuni. Majina ya wale wakaidi hayakuchongwa ukutani. Sisi tunaoamini kwamba Mungu humwita kila mtu kwa jina lake hatuwezi kuridhika na hilo.

Basi, katika shirika zetu juma hili, tujiulize. Yuko binti wa kazi nyumbani mwetu ambaye halipwi, hasomi, na jina lake la ukoo hatulijui? Yuko kijana wa jirani aliyewekwa kifungoni bila kuhukumiwa, asiye na ndugu wa kumpelekea chakula? Na neno “mtumwa” likitamkwa kama tusi mbele ya watoto wetu, nani kati yetu atasimama na kusema: aliyetukanwa hana aibu yoyote? Tusiagane kabla hatujapanga nani atakwenda kumtembelea nani.