Mpangilio wa Mada katika Miongozo ya Mfumo Huria wa Kompyuta

Maendeleo ya Kiswahili katika uwanja wa kompyuta aghalabu huelezwa kama historia ya istilahi. Hata hivyo, istilahi peke yake haimfundishi mtu kazi. Yafaa kuchunguza pia namna mada za miongozo zilivyopangwa: jambo gani lilielezwa kwanza, kwa anwani ipi, na kwa ajili ya nani.

Mwongozo wa kwanza wa mfumo wa Unix, ulioandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie huko Marekani, ulitoka Novemba 1971. Ulikuwa na sehemu saba, na ndani ya sehemu kurasa zilifuata alfabeti. Aliyejua jina la amri aliipata upesi. Asiyelijua hakuwa na pa kuanzia. Kwa hakika ulikuwa kamusi ya mafundi. Linus Torvalds alipoitangaza Linux mwaka 1991, mazoea hayo yalirithiwa. Lakini katika miaka iliyofuata watu wa kujitolea walianza kuandika miongozo ya namna nyingine, kila mmoja ukishughulikia haja moja: jinsi ya kuunganisha printa, jinsi ya kuandika kwa lugha fulani. Hapo mada ilianza kuzaliwa na shida ya mtumiaji, si na kiungo cha mashine.

Kiswahili kiliingia uwanjani kwa mlango mwingine. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioshirikiana na wataalamu wa Sweden, ulitunga faharasa ya istilahi, na Desemba 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kazi hiyo ilikuwa adhimu, wala haipaswi kubezwa. Lakini kitufe kilichotafsiriwa humwezesha mtu kusoma neno “Hifadhi”. Hakimwambii faili lililopotea litafutwe wapi.

Pengo hilo huonekana wazi mtu akiitazama Gatuanyaga, mashariki ya mji wa Thika. Tangu simu za kwanza za Android zilipouzwa mwaka 2008, kiini cha Linux kimesafiri ndani ya mifuko ya watu wasiopata kulisikia jina lake. Mwanafunzi wa huko amefunzwa shuleni neno “tarakilishi”, ilhali maandishi ya Dar es Salaam husema “kompyuta”. Mmoja huandika “nywila”, mwingine “nenosiri”, na watu wengi husema tu “neno la siri”. Katika mazungumzo tofauti hizi ni ndogo. Katika hazina ya maarifa si ndogo hata kidogo: anayetafuta kwa neno alilofunzwa atadhani kwamba jambo lake halikuandikwa, kumbe limelala chini ya jina jingine.

Mpangaji wa mada, basi, hana budi kuyakusanya majina yote chini ya ukurasa mmoja, na anwani aijenge juu ya kitenzi: kufungua simu iliyofungwa, kurudisha picha zilizofutika. Vitenzi hivyo havina mgogoro kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Utaratibu nao ungebadilika. Miongozo ya zamani ilianza na amri. Mwongozo wa msomaji wa Gatuanyaga ungeanza na simu iliyojaa hadi haipokei picha, na maelezo ya kiini cha mfumo yangengoja kurasa za mbali.