Kutoka Tundu hadi Uso: Historia Fupi ya Bodi za Saketi na Funzo la Mafundi wa Kigali

1.0 Utangulizi
Historia ya teknolojia Afrika Mashariki mara nyingi husimuliwa kwa kuanzia viwandani. Makala haya yanaanzia penye jambo dogo zaidi, yaani tundu la bodi ya saketi. Yanadai kwamba jijini Kigali ujuzi wa kuliepuka tundu hilo ulianzia kwa mafundi wa kurekebisha, na kwamba sera ya mafunzo na ya istilahi haina budi kuuzingatia ukweli huo.

2.0 Enzi ya Tundu
Paul Eisler, mhandisi mzaliwa wa Austria, aliunda redio yenye saketi iliyochapwa akiwa Uingereza mwaka 1936. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mbinu hiyo ilienea: miguu ya vijenzi hupenyezwa matunduni, hulehemiwa upande wa pili, kisha hukatwa. Kwa anayeunda bodi nyumbani, gharama kubwa ni muda. Bodi yenye vikinza 20, kapasita 10 na saketi unganifu 2 za miguu minane huhitaji matundu 76. Keekee ikiteleza mara moja tu, njia ya shaba hukatika.

3.0 Enzi ya Uso
Vijenzi vya kubandikwa juu ya bodi vilianza kubuniwa katika miaka ya 1960 na kuenea viwandani kuanzia miaka ya 1980. Kikinza cha kipimo cha 0805 kina urefu wa milimita 2 na upana wa milimita 1.25. Hakitobolewi tundu wala hakikatwi miguu; hushikwa kwa kibano na kuwekwa mahali pake. Vijenzi vingi huweza kulehemiwa kwa mkupuo mmoja katika tanuri dogo, kwani lehemu ya kawaida ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 183 za Selsiasi.

4.0 Kigali: Urekebishaji Watangulia Uundaji
Mtaa wa Nyarutarama, wilayani Gasabo, ulikuwa kwa miaka mingi makao ya MTN Rwanda, kampuni iliyoanza huduma mwaka 1998. Simu zilizoenea tangu hapo zilisheheni vijenzi vya uso. Fundi wa simu hakuwa na hiari: alilazimika kumudu kibano, lenzi na hewa ya moto. Vituo vya ubunifu vilifuata baadaye katika mtaa jirani wa Kacyiru: kLab mwaka 2012 na FabLab Rwanda mwaka 2016. Kiwanda cha Mara Phones kilifunguliwa mwaka 2019.

5.0 Istilahi na Sera
Kinyarwanda kiliazima neno *umufundi* kutoka Kiswahili, lugha iliyofanywa rasmi nchini Rwanda mwaka 2017. Hata hivyo, msamiati wa Kiswahili wa kazi hii, kama vile mguu, keekee na kutoboa, ni wa enzi ya tundu. Makala haya yanapendekeza jozi ya *kijenzi cha tundu* na *kijenzi cha uso*. Jozi inahitajika kwa sababu tundu halijafa: soketi na vijenzi vya umeme mwingi bado hulitegemea kwa uimara wake.

6.0 Hitimisho
Mtaala unaomfundisha mwanafunzi kutoboa pekee humchelewesha; unaompuuza fundi wa simu hupoteza mwalimu aliyekwisha kuhitimu kwa vitendo. Kamati za istilahi na za mitaala zianzie kwenye meza yake.