Jerandi ni Kitenzijina, na Kipimo Chake ni Yambwa

Katika sentensi ya Kiingereza "I enjoy reading novels", wanafunzi wengi huambiwa kwamba "reading" ni jerandi, yaani nomino iliyotokana na kitenzi. Maelezo hayo yanaishia nusu ya njia. Nomino haichukui yambwa. Hatusemi "hadithi sungura", tunasema "hadithi ya sungura", kwa sababu nomino huhitaji kiunganishi ili ishikane na nomino nyingine. Kinachoweza kuchukua yambwa moja kwa moja ni kitenzi, na hapa "novels" imeifuata "reading" bila kiungo chochote. Kwa nje, basi, "reading" imekaa mahali pa nomino, maana ndiyo inayopendwa. Kwa ndani bado ni kitenzi, na yambwa yake imo mkononi.

Yambwa ni kile kinachotendwa. Wengine huiita shamirisho. Umbo lenye sura mbili kama hilo la "reading" lina jina la Kiswahili linalolifaa kabisa: kitenzijina. Neno "jerandi" halina kosa kama neno la kukopa, ila halimwambii mwanafunzi lolote kuhusu tabia ya kitu chenyewe. Kitenzijina linataja sura zote mbili, tena linaanza na ile inayosahaulika, ya kitenzi.

Sisi wenyewe tunalo umbo hilo, na ngeli yake ni KU. Tazama: "Kusoma riwaya kunanipendeza." Kiambishi ku- katika "kunanipendeza" kinathibitisha kwamba "kusoma" imetawala upatanisho kama nomino yoyote. Papo hapo "riwaya" imeifuata bila kiunganishi, kama inavyofuata kitenzi chochote. Tena kitenzijina chetu hubeba hata kiambishi cha yambwa: "kukisoma kitabu hiki upya". Hukanushwa: "kutosoma mkataba kulimponza". Hutendwa: "kusomwa kwa hukumu kumeahirishwa". Na katika "kusoma kwake vitabu kila usiku", neno moja limechukua kimilikishi kwa unomino wake na yambwa kwa utenzi wake, pasipo kugongana.

Sasa linganisha na "usomaji wa riwaya". Hapa kitenzi kimekwisha kuwa nomino kamili, na yambwa ya zamani haina budi kuja na -a unganifu. Kiingereza nacho kina umbo hilo: "the reading of novels", ambamo "of" inafanya kazi ya "wa". Tofauti hujitokeza pia kwenye maneno ya kufafanua. Tunasema "kusoma mkataba kwa makini", kwa kielezi, lakini "usomaji makini wa mkataba", kwa kivumishi. Kiingereza hufanya vivyo hivyo: "reading the contract carefully" upande mmoja, "the careful reading of the contract" upande wa pili. Askofu Robert Lowth, katika kitabu chake cha sarufi ya Kiingereza cha 1762, aliwataka waandishi wachague: ama kibainishi "the" mbele pamoja na "of" nyuma, ama visiwepo vyote viwili. Hakutaka umbo moja liwe nomino mbele na kitenzi nyuma.

Mchanganyiko uliomsumbua Lowth una historia. Katika Kiingereza cha kale, -ung au -ing kilikuwa kiambishi cha kuundia nomino, na umbo la tendo linaloendelea liliishia kwa -ende. Katika zama za kati maumbo hayo mawili yalikaribiana hadi yakawa na mwisho mmoja, -ing, na nomino ile ikaanza kuchukua yambwa kama kitenzi. Ndiyo maana leo -ing moja inafanya kazi ambazo Kiswahili kimezigawa kwa maumbo mbalimbali.

Hapa ndipo wafasiri huteleza. "I enjoy reading novels" ni "napenda kusoma riwaya". Lakini "I saw her reading a novel" si "nilimwona kusoma riwaya", bali "nilimwona akisoma riwaya". Yambwa ni ileile na -ing ni ileile, ila katika sentensi ya pili tendo linaendelea machoni pa mtazamaji, na kazi hiyo kwetu ni ya -ki-. Upande wa pili, ku- yetu imebeba mzigo ambao Kiingereza kimeugawa kati ya -ing na "to". Kwa hiyo mwanafunzi wetu huandika "I enjoy to read" bila kuona kasoro, kwa kuwa kwake kusoma ni kusoma. "He stopped smoking" ni "aliacha kuvuta sigara", na "he stopped to smoke" ni "alisimama ili avute sigara". Asiyeiona tofauti hiyo atamtangaza mtu ameacha sigara ilhali ndiyo kwanza anaiwasha.

Mfano huo unaonyesha jambo jingine. Kiingereza kimesema "smoking" kikanyamaza, na Kiswahili kimetaja sigara. Mtaani tunasema "fulani anavuta" na tukaelewana, lakini tangazo la ukutani huandikwa "Hairuhusiwi kuvuta sigara", kwa sababu kuna kuvuta kamba, kuvuta pumzi na kuvuta subira. Vitenzi vyetu kadhaa hupata maana kutoka kwa yambwa. "Ironing" ni kupiga pasi, "phoning" ni kupiga simu, "mopping" ni kupiga deki. Ondoa yambwa, na "kupiga" iliyobaki haitamwambia msikilizaji kazi gani inafanyika.

Mara nyingine mambo hugeuka, na yambwa ndiyo inayotuchagulia kitenzi. Chukua "washing". Kama ni nguo, tunafua. Kama ni vyombo au gari, tunaosha. Kama ni mikono au uso, tunanawa. Kama ni mwili mzima, tunaoga. Mfasiri akikutana na "washing" iliyo peke yake kwenye maelekezo ya mashine au ya dawa, hawezi kuandika neno hata moja kabla hajajua kinachosafishwa ni kitu gani. Kiingereza kinaweza kuificha yambwa, na Kiswahili kinalazimika kuitafuta.

Kiingereza huweza pia kuitanguliza yambwa na kuifunga pamoja na kitenzi: "tree-planting", "letter-writing". Katika mpangilio huo yambwa kwa kawaida hubaki katika umoja hata miti ikiwa elfu. Kiswahili hakigeuzi mpangilio, ila kina njia yake ya kufupisha. Magazeti huandika "upandaji miti" na "uvutaji sigara", -a unganifu ikiwa imedondoshwa. Wapo wanaoona huo ni uvivu wa kalamu. Mimi naona ni umbo halali la kutajia shughuli inayojulikana kwa jina, kama kampeni au kazi ya kila mwaka. Miti ikiwa ni mahususi, kiunganishi kirudi: "upandaji wa miti hii".

Yambwa hutuondolea hata utata. "Visiting relatives can be tiring" ina maana mbili: kwenda kuwaona ndugu kunachosha, au ndugu wanaokuja ndio wanaochosha. "Can" haionyeshi upatanisho, kwa hiyo haitusaidii. Weka "is", na ndugu wanakuwa yambwa. Weka "are", na wanakuwa watenda. Kiswahili hakiwezi hata kuufasiri utata huo. Ama "kutembelea ndugu kunaweza kuchosha", ama "ndugu wanaotutembelea wanaweza kuchosha". Ku- na wa- zimeshaamua kabla sentensi haijafika mwisho.

Kwa walimu na wafasiri, basi, nashauri hivi. Mkikutana na neno la -ing, msikimbilie kuliita nomino wala kulibandika ku-. Ulizeni kwanza yambwa yake iko wapi. Ikiwa imefuata moja kwa moja na neno lenyewe liko mahali pa nomino, hicho ni kitenzijina, na "kusoma vitabu" ndiyo tafsiri. Ikiwa imekuja na "of", hiyo ni nomino kamili, na "usomaji wa vitabu" unafaa. Ikiwa tendo linaendelea machoni, tumieni -ki- au -na-. Na ikiwa yambwa haipo kabisa, itafuteni kabla ya kuandika, kwa sababu msomaji wa Kiswahili ataiulizia.