Matthias Erzberger: Raia aliyebebeshwa aibu ya majenerali

Matthias Erzberger, mwanasiasa wa Ujerumani aliyeuawa Agosti 26, 1921, alizaliwa mwaka wa 1875 kijijini Buttenhausen, mwana wa fundi cherehani aliyekuwa pia tarishi wa posta. Alikuwa mwalimu kabla ya kuingia Bungeni mwaka wa 1903 kwa tiketi ya Zentrum, chama cha Wakatoliki.

Alijipatia maadui mapema kwa kufichua ufisadi na ukatili wa maafisa wa Ujerumani katika makoloni ya Afrika. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, yeye pia alishabikia unyakuzi wa ardhi za majirani, jambo ambalo wanaomsifu hupenda kulipita upesi. Hata hivyo, Julai 1917 aliongoza Bunge kupitisha azimio la kutaka amani bila unyakuzi.

Novemba 1918, majenerali wakiwa wameshindwa, ni raia huyu aliyetumwa katika msitu wa Compiègne, Ufaransa, kukutana na Jemadari Foch. Mwanawe wa pekee wa kiume alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Alipewa saa 72 tu. Hindenburg, mkuu wa majeshi, alimtaka atie saini hata kama masharti hayangelegezwa, naye akatia saini alfajiri ya Novemba 11. Kifungu kimoja kiliagiza wanajeshi wa Ujerumani waondoke Afrika Mashariki. Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Novemba 25 mjini Abercorn, ambao sasa ni Mbala, Zambia.

Mwaka mmoja baadaye, Hindenburg huyo huyo aliiambia kamati ya Bunge kwamba jeshi lilichomwa kisu mgongoni. Uongo huo ulimwandama Erzberger hadi kaburini. Akiwa Waziri wa Fedha tangu 1919, aliondoa ukusanyaji wa kodi mikononi mwa majimbo na kuukabidhi serikali kuu, akawatoza matajiri zaidi. Januari 1920 alipigwa risasi akapona. Machi akajiuzulu kufuatia kesi ya kuchafuliwa jina.

Wauaji wake, maafisa wawili wa zamani wa kijeshi, walimvizia akitembea karibu na Bad Griesbach, wakatorokea Hungary. Wanazi waliwasamehe mwaka wa 1933. Mwaka wa 1946, mahakama ya Freiburg ilimwachilia mmoja wao kwa kutegemea msamaha huo! Uamuzi huo ulibatilishwa, akafungwa miaka 15 mwaka wa 1947, lakini kufikia 1952 alikuwa huru.

Nyumba alimozaliwa Erzberger ilifanywa makumbusho mwaka wa 2004. Jengo la Bunge jijini Berlin lilipewa jina lake mwaka wa 2017.