Bengamisa: mzigo ukipotea njiani, moto wa nyumbani unazimika

Pale magari yanaposimama Bengamisa, kwenye barabara ya Buta, maongezi ya asubuhi yanarudia mambo mawili: mzigo wa fulani haukufika Kisangani, na nyumba ya fulani imekosa makala. Mpita njia atasikia habari mbili. Kwa mama anayekaa hapo ni habari moja tu. Mzigo unaopotea mara nyingi ni gunia lenyewe la makala, na gunia hilo ni moto wa jikoni mjini, tena ni minervali ya mtoto kijijini.

Makala hii inaeleza gunia linatoka wapi, linapotelea wapi, sheria inasema nini, na moto wenyewe unatakiwa kutunzwa namna gani ndani ya nyumba.

Bengamisa na barabara yake

Bengamisa iko katika teritware ya Banalia, jimbo la Tshopo, kilomita karibu 50 kaskazini ya Kisangani. Barabara inayopita hapo ni sehemu ya barabara ya taifa namba 4. Ukielekea kaskazini inakwenda Banalia, kando ya mto Aruwimi, kisha Buta. Ukishuka kusini inafika Kisangani baada ya kuvuka mto Tshopo. Kutoka Kisangani barabara hiyo hiyo inaendelea mashariki: Nia-Nia, Mambasa, Komanda, Beni, mpaka Kasindi kwenye mpaka wa Uganda.

Kwa hiyo msafiri wa Bengamisa na msafiri wa Beni wanatumia njia moja na wanakutana na shida zilezile: matope wakati wa mvua, gari linalokwama, mizigo inayoshushwa na kupakiwa tena. Wengine wanapanda lori, wengine moto. Wengine wanasukuma kinga iliyojaa mpaka mwenye kuisukuma haonekani kwa nyuma. Kisangani ni mji wa toleka, na kinga bado inabeba sehemu kubwa ya chakula na makala yanayoingia mjini.

Gunia moja lina kazi gani ndani yake

Mtu anayenunua makala kwa vifungu vidogo sokoni haoni kazi iliyotangulia. Mti unakatwa, unagawanywa vipande, unapangwa, unafunikwa majani na udongo, ndipo moto unawashwa. Moto unaungua polepole bila hewa ya kutosha, siku nyingi, na mwenyewe anaulinda usiku na mchana. Udongo ukifunguka mahali pamoja, hewa inaingia na kuni zinageuka majivu.

Kwa tanuru la udongo la kawaida, kilo 100 za kuni kavu mara nyingi hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makala. Ndiyo maana gunia moja likipotea, miti iliyoteketea ni mingi kuliko makala yaliyokuwa ndani, na wiki nzima za jasho zimekwenda nayo.

Kisangani inahitaji makala hayo kwa sababu umeme hautoshi. Mji una bwawa lake kwenye maporomoko ya Tshopo, lililojengwa miaka ya 1950, lakini mji umekua sana kuliko mashine zake. Jiko la umeme likiwepo, babula inabaki pembeni ikingoja saa ya umeme kukatika. Kati ya mwaka 2009 na 2013 kulikuwa hata na mradi wa utafiti ulioitwa Makala, uliofuatilia kuni na makala ya Kinshasa na Kisangani. Neno la jikoni likawa jina la mradi wa watafiti.

Mzigo unapotelea wapi

Watu wanasema "umeibiwa" haraka sana. Wizi upo, lakini mizigo mingi inapotea pale inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine bila mtu kuandika kitu.

Kwanza ni wakati wa kupakia. Magunia yote yanafanana: saki nyeupe, majani juu, kamba ya mti. Konvuwayeri anapokea magunia ya watu kumi kwa haraka, anajibu "najua, mama, najua", na kichwa chake ndicho daftari.

Pili ni gari linapokufa njiani. Mizigo inahamishiwa gari lingine au moto. Shofere wa kwanza anamwambia wa pili hesabu ya mdomo. Gunia lililokuwa chini kabisa linabaki, au linashushwa kwenye kijiji ambacho si chake.

Tatu ni kwenye baryeri. Mzigo unaweza kuzuiwa kwa sababu ya karatasi au malipo, na mwenye mzigo hayupo kujitetea. Akipiga simu anaambiwa tu "walichukua".

Nne ni kufika usiku. Aliyetumwa kupokea amekwisha kurudi nyumbani, magunia yanarundikwa mahali pamoja, na asubuhi anayewahi ndiye anayechagua.

Tano ni begi za wasafiri wenyewe. Ile mifuko mikubwa ya plastiki yenye mistari iko kwenye kila gari, na mtu anaweza kushuka na mfuko wa mwenzake bila nia mbaya. Anaugundua nyumbani, akifungua na kukuta nguo za mtoto asiyemjua.

Baada ya hapo mazungumzo yanajulikana na kila mtu:

"Papa, gunia yangu iko wapi?"

"Mama, ilibaki kule. Kesho itakuya."

"Kule wapi?"

"Kule nyuma."

Kule nyuma ni kilomita 50 za barabara na msitu. Na swali linalofuata, "alama yake ilikuwa nini?", mara nyingi halina jibu.

Sheria inasema nini

Watu wengi wanaamini kwamba bila karatasi hakuna kesi. Si kweli. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi 17 za Afrika wenye sheria za pamoja za biashara, tarehe 12 Septemba 2012. Umoja huo una sheria juu ya kubeba bidhaa barabarani, iliyopitishwa Yaoundé mwaka 2003. Inasema kwamba mapatano ya kubeba mzigo kwa malipo yapo hata kama hati ya mzigo haikuandikwa, au iliandikwa vibaya, au imepotea.

Mbebaji anawajibika kwa mzigo tangu anapoupokea mpaka anapoutoa. Anaachiliwa akionyesha kwamba hasara imetoka kwa kosa la mwenye mzigo, kwa ubovu wa mzigo wenyewe, au kwa jambo ambalo hakuweza kuliepuka. Kusema tu "barabara ilikuwa mbaya" hakutoshi. Ni yeye anayepaswa kuonyesha.

Fidia ina kikomo chake, kinachohesabiwa kwa kilo, isipokuwa kama mwenye mzigo alitangaza thamani yake tangu mwanzo. Muda nao una mwisho: kwa kawaida kesi inafunguliwa ndani ya mwaka 1, na malalamiko ya maandishi yanatakiwa kumfikia mbebaji kwanza.

Sheria hiyo inahusu bidhaa aliyokabidhiwa mbebaji. Begi ambalo msafiri amelishika mapajani ni jukumu la msafiri mwenyewe.

Upande wa makala kuna sheria nyingine, kodi ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002, pamoja na maagizo yake yanayodai ruhusa ya kukata kuni na kuchoma makala. Mwenye ruhusa ampe mbebaji nakala yake. Na mzigo ukizuiwa, mbebaji aombe karatasi inayosema nani ameuzuia, wapi na kwa nini. Bila karatasi hiyo, "walichukua" na "nilipoteza" ni kitu kimoja.

Mambo madogo yanayookoa mzigo

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hapa linaweza kuwa kipande cha karatasi.

Alama. Kamba ya rangi, kitambaa cha kikwembe kilichoshonwa mdomoni mwa gunia, au herufi za rangi pande mbili. Alama ya juu tu haitoshi, maana majani ya juu yanaanguka njiani. Kipande cha plastiki chenye jina na namba ya simu kiwekwe pia ndani, kikifunikwa na makala.

Hesabu iliyoandikwa. Jina la mtumaji, la mpokeaji na la shofere, namba ya gari au ya moto, idadi ya magunia, tarehe, malipo. Karatasi mbili, kila upande na yake. Kama shofere hasomi, shahidi mmoja wa pale kituoni aandike na kutia sahihi.

Foto. Simu ikiwepo, foto ya mzigo ukiwa juu ya gari, pamoja na namba ya gari, inamaliza ugomvi mwingi kabla haujaanza.

Simu mbili. Moja gari linapoondoka, kumwambia mpokeaji magunia ni mangapi na alama yake ni nini. Nyingine mpokeaji anapohesabu, shofere akiwa bado amesimama pale.

Kupima kwa mkono. Gunia linaweza kufika na kamba yake likiwa limepunguzwa. Mpokeaji alinyanyue na kuangalia mshono kabla ya kusema asante.

Vitu visivyopangwa na mzigo. Karatasi za uraia, diplome, dawa na pesa hukaa mwilini mwa msafiri. Anayepanda kwenda Butembo au Lubero aweke na sweta yake hapo, pamoja na kikwembe cha mtoto.

Mzigo ukikosekana, saa za kwanza ndizo za maana. Mwenye mzigo arudi kituoni siku hiyohiyo, aulize gari lilisimama wapi na nani alishuka wapi. Aongee na wakubwa wa shirika la shofere au la motari, maana wao wanajuana kwa majina. Kisha aandike malalamiko, hata mistari mitano, na abaki na nakala iliyopokelewa kwa sahihi. Redio za jamii nazo zinaweza kutangaza mzigo uliookotwa. Anayedai asikilizwe akitaja alama, na alama hiyo isisemwe hewani kabla hajafika.

Moto ukiisha kufika nyumbani

Bengamisa iko karibu na ikweta, na joto halikosi. Hata hivyo usiku wa mvua, nyumba yenye mtoto mchanga au mzee mgonjwa inataka joto, na nguo zinataka kukaushwa. Milimani ya Kivu ya Kaskazini, Lubero, Butembo au Masisi, baridi ni ya kila usiku. Msafiri kutoka Tshopo ambaye begi lake limebaki njiani anaijua baridi hiyo kwa ngozi yake. Jibu la haraka ni lilelile kote: kuingiza babula chumbani na kufunga mlango.

Hapo ndipo hatari ilipo. Makala yanayowaka yanatoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, na makala mekundu yasiyotoa moshi yanaitoa vilevile. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya hewa safi. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anataka kutapika, miguu inalegea. Aliyelala hasikii kitu, na anaweza asiamke.

Watu wa Goma wanaijua mazuku, gesi ya volkano inayokaa mabondeni na kuua mbuzi na watoto. Ile ni gesi nyingine, nzito, inayolala chini. Gesi ya babula inachanganyika na hewa ya chumba kizima, kwa hiyo kulala juu ya kitanda hakuokoi.

Kanuni ni chache. Makala yawashwe nje. Babula isikae kwenye chumba cha kulala mlango ukiwa umefungwa, hata kama imefunikwa majivu. Kama chumba kinapashwa joto jioni, dirisha libaki wazi na babula itolewe kabla ya watu kulala. Blanketi, sweta, jiwe lililopashwa moto na kufungwa kwenye nguo, au chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri hupasha kitanda bila gesi. Mtoto mchanga hupata joto bora kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi.

Mtu akikutwa amezimia, milango ifunguliwe, atolewe nje kwenye hewa, na apelekwe hospitali kupewa oksijeni. Maziwa hayatoi gesi hiyo kwenye damu. Mama mwenye mimba apelekwe hata akisema amepata nafuu, kwa sababu mtoto tumboni anaumia zaidi.

Gunia moja, siku nyingi

Gunia lililofika salama bado linaweza kupotea polepole jikoni. Babula ya chuma tupu inatupa joto pembeni, na ile yenye udongo ndani inalishika. Maharagwe yaliyolowekwa usiku yanaiva kwa makala machache. Sufuria ifunikwe. Makala yaliyobaki baada ya kupika yazimwe kwenye chungu chenye kifuniko, na kesho yatawaka tena. Gunia lenyewe likae pakavu, juu ya mbao, maana makala yenye maji yanakula moto wake mwenyewe kwanza.

Kamba ya rangi na karatasi mbili kule Bengamisa, kuhesabu kabla ya asante kule Kisangani, na mlango wazi usiku: hakuna hata kimoja kinachohitaji pesa nyingi. Mama aliyebaki kijijini anangoja maneno mafupi tu kwenye simu: "Mama, yote yamefika, na tumeyahesabu."