Volvo: Kampuni iliyokuzwa na usalama wa abiria

MNAMO Aprili 14, 1927, gari la kwanza la Volvo lilitoka kiwandani katika kisiwa cha Hisingen, mjini Gothenburg, Uswidi. Husimuliwa kwamba lilipotiwa gia ili liende mbele, lilirudi nyuma, kwani mafundi walikuwa wamekosea kuunganisha ekseli.

Waasisi wa kampuni hiyo, Assar Gabrielsson na mhandisi Gustaf Larson, waliwahi kufanya kazi katika SKF, kampuni ya kutengeneza beringi. SKF ndiyo iliyogharimia mradi huo, na hata jina lilitoka kwake: Volvo ni neno la Kilatini lenye maana ya "nabingirika". Azma yao ilikuwa kuunda gari imara lililoweza kustahimili barabara mbovu na baridi kali ya Uswidi. Aidha, walishikilia kwamba kwa kuwa magari huendeshwa na watu, usalama lazima utangulie mengine yote.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Gari hilo la kwanza, ÖV4, lilikuwa la wazi, jambo ambalo halikuwafaa watu wa nchi yenye theluji. Mwaka wa kwanza yaliuzwa chini ya 300. Malori yaliyoanza kuundwa 1928 ndiyo yaliyoiokoa kampuni.

Umaarufu ulikuja na PV444, gari dogo la bei nafuu lililoonyeshwa jijini Stockholm mwaka 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea. Kwa sababu ya uhaba wa vifaa, lilianza kuundwa kwa wingi 1947. Mrithi wake, PV544, alijipatia sifa Afrika Mashariki mwaka 1965, pale Joginder Singh wa Kenya na nduguye Jaswant walipolitumia kushinda mbio za Safari Rally.

Hata hivyo, mchango mkubwa zaidi wa Volvo ulikuwa wa mwaka 1959. Mikanda mingi ya awali ilifungwa kiunoni pekee, na gari lilipogonga, ingeweza kumjeruhi abiria tumboni huku kifua na kichwa vikirushwa mbele. Mhandisi Nils Bohlin, aliyekuwa amebuni viti vya marubani katika kampuni ya Saab, alivumbua mkanda unaopita kifuani na kiunoni, na unaofungwa kwa mkono mmoja. Volvo iliuweka katika Amazon na PV544.

Kampuni hiyo ilikuwa na hataza ya uvumbuzi huo, na ingeweza kuwatoza washindani wake ada. Badala yake, iliwaruhusu kuutumia bure. Leo mkanda huo umo katika takriban kila gari dogo jipya duniani, na Volvo inakadiria kwamba umeokoa zaidi ya watu milioni moja.

Sifa ya usalama iliuza magari. Aina ya 240, iliyozinduliwa 1974, iliundwa hadi 1993, na zaidi ya magari milioni 2.6 yakatengenezwa.

Lakini gharama za kubuni magari mapya zilizidi uwezo wa kampuni ya kadiri yake. Mpango wa kuungana na Renault ya Ufaransa ulivunjika 1993, wenyehisa walipoupinga. Mwaka 1999, kitengo cha magari madogo kiliuzwa kwa Ford ya Marekani kwa dola 6.45 bilioni. Malori na mabasi yalibaki chini ya AB Volvo, ambayo hadi leo ni kampuni tofauti. Baada ya msukosuko wa uchumi duniani, Ford ilikiuza kitengo hicho kwa Geely ya China mwaka 2010, kwa hasara kubwa.

Makao makuu yangali Gothenburg. Mwaka 2021 kampuni ilitangaza kwamba ifikapo 2030 ingeuza magari ya umeme pekee, lakini ikalegeza lengo hilo 2024. Kuhusu usalama, iliendeleza msimamo wake: tangu 2020, magari yake mapya yamewekewa kikomo cha kasi cha kilomita 180 kwa saa, ingawa wapo wateja walionung'unika.